Staa Wangu, Hilo Bando Unalotutangazia Wewe Unalitumia?

Leo wadau hatutaji jina la mtu wala la kampuni. Wenyewe watajijua, na wasipojijua chawa wao watawapigia simu.

Kuna staa mmoja hapa mjini, mwanamuziki, sauti yake mnaijua na gari lake mnalijua. Juzi kati katupia tangazo jipya la intaneti. Kavaa rangi za kampuni kuanzia kofia mpaka soksi, anakatika juu ya paa la ghorofa, simu mkononi, maandishi nyuma yanasema kasi haina mpinzani. Video nzuri, sikatai, aliyeshika kamera anaijua kazi yake. Ukishuka kwenye komenti sasa, ya juu kabisa si ya kumsifia wala ya kuuliza ngoma mpya inatoka lini. Dada mmoja kaandika: "Kaka, hii video imezunguka dakika nne ndo imefunguka, na laini ninayotumia ni ya hao hao wanaokulipa." Laiki zikamwagika. Unajua alijibiwa nini? Aliblokiwa.

Mimi sina ugomvi na msanii kula mpunga wa matangazo. Muziki wa Bongo unalipa kwa mafungu, shoo hazipo kila wiki, na kampuni za simu ndizo zenye hela za kumpa msanii mkataba wa maana. Kula kaka, kula dada. Ila ukishakubali uso wako ukae kwenye bango la Ubungo, wewe ni muuzaji kama muuzaji mwingine. Mama ntilie akikuuzia wali umelala, unarudi kwake, humtafuti mkulima wa Mbarali.

Tuanze na kitu chenyewe kinachouzwa, maana wengi tunajiunga kila siku na hatujawahi kukaa tukakiangalia.

Fungua menyu ya kujiunga sasa hivi. Utaona GB ngapi, siku ngapi, shilingi ngapi. Tafuta kasi. Iko wapi? Kwenye bango la barabarani kasi ipo, kwenye tangazo la staa kasi ipo, tena ndiyo wimbo wenyewe. Kwenye kile unacholipia haipo. Yaani umenunua maji, umeambiwa ni lita ngapi, hujaambiwa bomba ni nene kama mkono au ni jembamba kama mrija wa juisi. Halafu lita zenyewe zina muda wa kuisha.

Hili la muda wa kuisha huwa linanichefua kuliko yote. Dumu la lita 20 ukinunua kwa kijana wa mkokoteni, ukatumia nusu, saa sita usiku yule kijana hawezi kuja kukugongea mlango ayamwage yaliyobaki kwa sababu ulinunua "ya siku." Ukimkuta anamwaga, mtaa mzima utatoka na fimbo. Lakini kwenye simu tumezoea. Asubuhi unaamka, MB 600 zimepotea, unajisemea "ah, lilikuwa la siku," unatafuta buku jingine. Nani alitufundisha kuona hilo ni la kawaida?

Najua watasema data haifanani na maji, mtandao ni uwezo wa kupitisha vitu kwa muda, usipoutumia leo uwezo huo haurundikwi stoo. Hoja ina ukweli wake, siibezi. Mnara una uwezo fulani kwa sekunde, na sekunde ikipita imepita. Sawa bosi. Sasa kama mnauza uwezo kwa muda, andikeni uwezo wenyewe, yaani kasi. Na kama mnauza ujazo, acheni ujazo wangu ukae mpaka niumalize. Kinachofanyika ni kuuza ujazo siku ya kupokea hela na kudai muda siku ya kuutoa. Mkono mmoja unapima kwa kilo, mwingine unapima kwa saa, na kote kule anayeliwa ni mimi.

Halafu kuna ujanja wa herufi. Kwenye kasi wanaandika Mbps, kwenye kifurushi wanaandika MB. Herufi b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo ukitangaziwa 10 Mbps, kwa sekunde moja unashusha kama MB 1.25, tena mambo yakiwa mazuri. Si uongo, vipimo ndivyo vilivyo duniani kote. Ila sijawahi kuona tangazo hata moja la mjini hapa likimweleza mteja hivyo, na staa wetu nampa buku kumi akinieleza bila kugugo.

Na lile neno "bila kikomo." Shuka chini kwenye maandishi madogo ya aina ile ya vifurushi, unakuta ukishafikisha kiasi fulani kasi inashushwa. Kikomo kipo, kimehama tu kutoka kwenye GB kwenda kwenye kasi. Utaendelea kupata intaneti, ndiyo, ya kutuma "mambo" na kusubiri "poa" ifike kesho.

Sasa bei. Hapa vijana tuna kumbukumbu fupi kama bando la saa moja, kwa hiyo niwakumbushe. Mwaka 2021 kelele za vifurushi zilipozidi, TCRA walitoa mwongozo wao. Ulikuwa na mambo ya maana kabisa: mteja ajulishwe matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika 100, aweze kumhamishia mwenzake sehemu ya kifurushi, na akinunua tena kifurushi kile kile kabla muda haujaisha, kilichobaki kisipotee. Utekelezaji ukaanza tarehe 2 Aprili, Ijumaa Kuu. Watu wameamka siku ya mapumziko, wanajiunga, wanakuta buku lao limesinyaa. Mitandao ililipuka. Kabla Pasaka haijaisha serikali ikaagiza bei mpya zisimame na za zamani zirudi. Yaani kelele zetu zilifanya kazi ndani ya siku chache. Lishike hilo, tutalirudia.

Kwenye mambo ya kipindi kile ndipo ukatoka ule wigo wa bei ya data ndani ya kifurushi: kuanzia shilingi 2.03 mpaka shilingi 9.35 kwa MB moja. Tupige hesabu. GB moja ina MB 1,024. Kwa kiwango cha chini ni kama shilingi 2,079. Kwa kiwango cha juu ni kama 9,574. Bidhaa ile ile, mnara ule ule, tofauti ni zaidi ya mara nne na nusu, na wote wawili wako ndani ya mstari. Kwa hiyo kiongozi akisimama kusema kampuni "ziko ndani ya wigo," hajadanganya. Ndani ya wigo ule hata lori linageuka.

Na nani anakaa upande wa juu wa wigo? Kawaida ya biashara ya vifurushi ni kwamba kadiri unavyonunua kidogo kidogo ndivyo kila MB inavyokuwa ghali. Mwenye elfu hamsini anajiunga la mwezi, MB zake zinamwagika. Mwenye buku anajiunga la siku. Kesho buku. Keshokutwa jero, kaombea hotispoti kwa jirani. Mwisho wa mwezi huyu wa buku buku katoa hela karibu sawa na mwenzake, kapata intaneti kiduchu, na kila alfajiri kuna kilichobaki kimefutwa. Ni kama kununua mafuta ya kula ya kupimiwa kwa mangi: kila siku unaona umelipa kidogo, na kumbe wewe ndiye unayenunua ghali kuliko mwenye dumu. Tofauti ni kwamba mafuta ya kupimiwa hayakauki saa sita usiku.

Watu wa makampuni wakibanwa hapa huwa wananyoosha kidole serikalini, na kwa hili sitawatupia mawe. Kuna VAT asilimia 18. Kuna ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 17, ukoo mmoja na ushuru wa bia na sigara. Ukipanda mmoja juu ya mwingine, kwenye buku lako kinachobaki kulipia huduma ni kama shilingi 724. Zaidi ya shilingi 270 zimeshaondoka kabla hujafungua hata meseji moja. Tunaambiwa vijana jiajirini mtandaoni, uchumi wa kidijitali, sijui ubunifu. Halafu mlangoni kwenyewe tunatozwa kama tunaingia baa.

Lakini kodi ni ile ile saa nne asubuhi na saa mbili usiku. Kodi haielezi kwa nini saa mbili usiku mtandao unalala.

Kuna dada Mbagala anauza viatu vya mtumba kwa laivu. Sio staa, wafuasi wake hawafiki elfu kumi, ila kwa miaka miwili hivi ndiyo kazi inayolisha nyumba. Anafungua marobota Jumamosi, anapanga mzigo, anaingia laivu saa mbili usiku kwa sababu ndiyo saa wateja wametoka kazini wako kwenye makochi. Saa mbili hiyo hiyo Mbagala nzima iko mtandaoni. Picha inaganda kashika kiatu hewani, sauti inakatika katikati ya bei, watu walikuwa 80 wanabaki 11. Anajiunga tena akidhani bando ndilo limekata. Halijakata, lipo, halipiti tu. Akajaribu laini ya pili, ya tatu. Siku hizi unajua anaingia laivu saa ngapi? Saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo saa mtandao unapita. Kawazoesha wateja wake waweke alamu. Wanawake wazima wananunua viatu kope nusu, kwa sababu kampuni iliyomuuzia kifurushi jioni haina barabara ya kukipitishia jioni.

Sababu yake si uchawi. Mnara mmoja uwezo wake unagawanywa kwa wote walioshika mawimbi yake muda ule. Ni daladala ya Mbagala Rangi Tatu saa moja jioni, siti ni zile zile na watu ni mara tano. Ukitaka watu wakae vizuri, ongeza mabasi: minara zaidi, masafa zaidi, na faiba nene ya kuunganisha minara yenyewe. Na kweli wameongeza vitu, tusiwe wachoyo wa fadhila. Oktoba 2022 TCRA walipiga mnada wa masafa uliovuna zaidi ya dola milioni 180, na baada ya hapo mabango ya 5G yakaota mjini kama uyoga. Mei 2023 zikasainiwa hela za kujenga minara 758 kwenye kata za vijijini. Hongera zao. Ila mtu wa Buza na wa Gongo la Mboto yuko hapo katikati. Hayuko kijijini apate mnara wa ruzuku, na 5G anaiona kwenye tisheti ya balozi. Simu yenyewe aliyonayo haiishiki 5G hata akihamia Masaki.

Kuna bosi mmoja, naye simtaji, niliwahi kumsikia kwenye kikao cha wadau akisema vijana wa Dar wanalalamikia bei ya data wakati wanaitumia kwa umbea. Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Kwanza mzee wangu, umbea ndio unaokulipia shule za watoto. Watu wangekuwa wanatumia intaneti kusoma katiba tu, kampuni yako ingeshafungwa. Pili, si umbea peke yake. Mkopo wa HESLB unaombwa mtandaoni. Kazi za serikali zinaombwa kwenye Ajira Portal, na siku ya mwisho ikifika mfumo haukuulizi kama mnara wa mtaani kwenu ulikuwa umelemewa. Bodaboda wa programu bando likikata kakosa abiria, na abiria bando likikata kabaki stendi. Mafundi kushona wanapokea vipimo WhatsApp. Hata huyo bosi malalamiko ya wateja wake anataka yatumwe kwenye programu ya simu, ambayo inafunguka kwa bando.

Hoja nyingine mtaisikia ikitoka juu ni kwamba bei zetu ni nafuu ukilinganisha na nchi nyingi za Afrika. Kwa GB moja moja, hatuko kwenye kundi la ghali kabisa, nakubali. Kuna kipimo cha kimataifa pia, cha Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa: huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Kijana anayeingiza laki na nusu, asilimia 2 ni shilingi 3,000, GB moja anaipata hapo na chenji. Tumefaulu! Shida ni kwamba GB moja ya leo si kitu. Netflix wenyewe wanasema video ya ubora wa kawaida inakula kama GB moja kwa saa, na ile ya HD inaweza kufika GB 3. Kwa hiyo tumefaulu mtihani wa saa moja kwa mwezi. Siku 29 na saa 23 zilizobaki mtu akae anaangalia dari.

Na hapo hapo niseme kitu ambacho wengine hamtakipenda. Si kila bando linaloyeyuka limeibwa. Simu zetu nazo ni walaji. Programu zinajisasisha zenyewe usiku, video zinajicheza kabla hujazigusa, picha zote za grupu la harusi zinajishusha zenyewe mpaka za mjomba aliyelala mezani. Ingia kwenye mipangilio, upande wa matumizi ya data, uone nani kala nini, utashangaa. Lakini angalia tofauti: simu inakuonyesha hesabu programu kwa programu, saa kwa saa. Kampuni iliyochukua hela inakutumia meseji kwamba umetumia asilimia 75, basi. Asilimia 75 ya nini, lini, kwa kazi gani? Hata mangi akikukopesha sukari anakufungulia daftari. Wakiweka mchanganuo wazi, nusu ya ugomvi huu unaisha, na wao ndio watakaosafishika. Sasa wanavyoficha hesabu na kutangaza kwa nguvu, wanataka tuwafikirie nini?

Twende kwenye kukatika kabisa. Intaneti yetu kubwa inaingia kwa kebo za chini ya bahari. SEACOM ilianza 2009, EASSy ikafuata 2010, na kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, wa zamani wanaijua ile ya kufungua barua pepe halafu unaenda kukoga. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo zote mbili zikapata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikayumba. Hapa kwetu hali ilikuwa mbaya mpaka Ubalozi wa Marekani Dar ukafunga huduma zake kwa umma siku mbili kwa sababu ya mtandao. Kebo kukatika ni ajali ya bahari, simlaumu mtu. Nilichotaka kujua ni saa ya bando langu. Nilikuwa nimejiunga la wiki siku moja kabla. Nikapiga huduma kwa wateja, nikasubiri na ule muziki wao mpaka nikaukariri, mwisho dada mwenye sauti ya asali akaniambia pole kaka, muda wa kifurushi hausogezwi. Mtandao umesimama, saa inatembea.

Ile nyingine ya mwisho wa Oktoba 2025, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, hakukuwa na kebo iliyokatika baharini na intaneti ikazimika nchi nzima. Naishia hapo, maana blogu nazo zina leseni tangu 2018 na leseni ina wenyewe. Ila swali la saa ya bando ni lile lile.

Turudi sasa kwa mabalozi, maana ndio niliokuja kwa ajili yao.

Mwingine huyu ni wa kike, mwigizaji. Mwaka jana aliposti kwenye stori yake anailaani kampuni fulani, kashindwa kupandisha kipande cha tamthilia yake usiku kucha. Ilikaa kama saa moja ikafutwa. Haikupita mwezi, dada yetu yuko kwenye jukwaa na bango la kampuni ile ile, meno nje, "nimejiunga, na wewe jiunge." Wapo wanaosema huo ndio ujanja wa mjini, unapiga kelele ili upewe dili. Inawezekana. Mimi naona alitugeuza sisi ngazi. Hasira yake ilikuwa na thamani kwa sababu ni hasira ya watu wengi, yeye akaiuza rejareja na hela kala peke yake.

Mastaa hawa wana kitu ambacho mimi na wewe hatuna: wakipiga simu inapokelewa. Wana vikao na wakurugenzi, wanasaini mikataba yenye vipengele. Msanii anayeweza kudai maji ya kampuni fulani tu chumba cha kubadilishia nguo anaweza kuuliza, kabla ya kusaini, kasi ya chini ya hiki kifurushi ninachokitangaza ni ngapi na imeandikwa wapi? Mtandao ukizimika siku mbili, mteja anaongezewa siku mbili au hapana? Maswali mawili tu. Wakikataa kuyajibu, angalau utakuwa unajua unachokiuza. Na tangazo lako linalofuata ulipandishe kwa bando la buku, ukiwa stendi ya Tandika, saa mbili usiku. Likipanda kabla ya saa nne mimi naliposti bure wiki nzima.

Wadau, tusiishie kumchamba staa lakini, maana kuchamba tunakujua na bei haijashuka. Mwaka 2021 kilichofanya kazi ni watu wengi kusema jambo moja, siku moja, wakiwa na namba. Picha za skrini za kifurushi cha jana na cha leo zilikuwa zinasambaa kama za fumanizi. Safari hii madai yasiwe "bei zishuke," hiyo wanaijua namna ya kuikwepa, wanashusha bei na GB zinashuka nazo. Madai yawe kasi ya chini iandikwe kwenye menyu ya kujiunga, na saa ya kifurushi isimame mtandao ukisimama. Kulipa hizo mbili hakuhitaji kebo mpya.

Ukilalamika, anza na mtoa huduma wako na uchukue namba ya lalamiko, usikubali "tumelipokea dada" bila namba. Wasipokushughulikia, unalo jalada la kupeleka TCRA. Najua inachosha, najua utaambiwa uzime simu uwashe. Zima, washa, kisha dai namba.

Komenti ziko wazi. Usiniandikie "mtandao mbovu" halafu basi, nimeshajua. Andika mtaa, saa, umejiunga la shilingi ngapi, na kilitokea nini. Majina ya kampuni nitayafuta, msininunie. Na yule dada aliyeblokiwa na staa, kama unasoma hapa, andika namba ya mtandao wako tu bila jina, nina vocha ya elfu tano yako. Muda wake wa kuisha siujui.